Dubu Mwembamba: Kilio Kizuri, Hadithi Pungufu

Toleo hili naomba tuweke riwaya pembeni kidogo. Najua ukumbi huu ni wa vitabu, na mhariri kanikumbusha hilo mara mbili. Lakini hadithi ni hadithi, iwe imepigwa chapa au imepigwa picha, na kuna moja fupi sana ambayo imewafikia watu wengi kuliko vitabu vyote tulivyowahi kuvihakiki hapa tukivijumlisha. Ni ile ya dubu anayekufa njaa.

Aliyeiona haisahau. Dubu mweupe, manyoya yamemnyauka, ngozi inaning'inia kwenye mifupa kama kanzu ya kuazima. Anaburuta miguu juu ya ardhi kavu isiyo hata na theluji. Anachokora pipa kuukuu lenye kutu, anatafuna kitu ambacho si chakula, kisha anajilaza. Muziki wa taratibu unapita chini yake. Basi. Mwisho.

Picha hizo zilipigwa mwaka 2017 katika kisiwa cha Somerset, kaskazini ya mbali ya Kanada, na wapiga picha Paul Nicklen na Cristina Mittermeier pamoja na wenzao wa shirika la SeaLegacy. Desemba mwaka huohuo zikaenea dunia nzima. Jarida la National Geographic lilipozirusha, likazitilia maandishi ya kumwambia mtazamaji kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyofanana. Agosti 2018 jarida hilohilo likakiri kwamba lilivuka mpaka: hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kwa nini dubu yule, mmoja yule, alikuwa anakufa. Mittermeier mwenyewe aliandika mwaka huo kwamba huenda kazi yao iliwafikia watu bilioni 2 na nusu. Hebu mwandishi chipukizi unayeuza nakala 40 za kijitabu chako stendi, itafakari namba hiyo.

Sasa, wengi wakishasikia kwamba jarida lilikiri, wanafunga mjadala. Kumbe mjadala wenyewe ndipo unapoanza. Wale wasiotaka kusikia habari za dunia kupata joto walifurahi mno: mnaona, uongo mtupu! Na wale waliolia wakanuna, wakasema hata kama, dubu alikuwa na njaa, njaa haidanganyi. Mimi sisimami na kundi lolote kati ya hayo mawili. Nasimama na hadithi, na ninasema hadithi ile ina pengo, na pengo lake si lile walilolikiri wenyewe.

Shuleni tulifundishwa kuigawa karatasi ya uhakiki mara mbili, fani huku, maudhui kule. Nikifuata mtindo huo, kwa fani ningeipa video ile alama za juu bila ubishi. Kasi yake ya polepole, ukimya, kutokuwepo kwa mtu hata mmoja ndani yake, yote yamepangwa na mkono unaojua kazi. Kwenye maudhui ndipo nakwama. Hadithi nzima ya njaa, na hakuna mahali tunapoambiwa mhusika huyu anakula nini siku akishiba.

Fikiri kidogo. Ukisoma hadithi ya mama anayelala njaa na wanawe, mwandishi mwenye akili atakuonyesha sufuria, atakuonyesha ghala lilivyokuwa mwaka wa mavuno, atakutajia bei ya unga. Njaa huonekana kwa kile kilichokosekana. Dubu yule kakosa nini? Video haisemi. Ndiyo maana mtazamaji anaondoka na huruma tele kichwani lakini hawezi kujibu swali la mtoto: kwa nini asile nyasi? Kwa nini asivue samaki?

Basi ngoja niseme kile video ilichokiacha, maana humo ndimo mlimo na hadithi.

Dubu barafu ni mla mafuta. Narudia, mafuta. Chakula chake kikuu ni sili, hasa yule mdogo mwenye alama za pete mgongoni, na yule mkubwa mwenye masharubu marefu. Dubu aliyeshiba huweza kula tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi ya sili na kuiacha nyama. Nyama wanakuja kuimalizia mbweha weupe wanaomfuata nyuma kama vijana wanaomfuata tajiri. Tajiri wa namna hiyo, anayekula mafuta na kuwaachia wengine mnofu, ndiye yuleyule unayemwona kwenye pipa la takataka. Hapo tayari pana anguko la mhusika, na wala hatujaanza.

Namna anavyompata sili sasa. Sili hupumua hewa kama sisi, na bahari ikiganda juu yake anabaki chini ya dari. Kwa hiyo hujitunzia matundu kwenye barafu, akiyakwangua kwa kucha za mikono yake ya mbele majira yote ya baridi, hata barafu inapofikia unene wa mita mbili. Dubu hulinusa tundu. Akilipata anatulia pembeni yake, kimya kabisa, wakati mwingine kwa saa nyingi. Hapigi hatua, maana mtikisiko wa hatua husikika chini. Anasubiri pumzi moja. Mara nyingi sili hatokei, ametumia tundu jingine. Mwandishi anayetaka kujua subira ni nini na aliangalie tundu lile.

Halafu kuna majira ya kuchipua, Aprili hivi, ambayo ndiyo mavuno yake. Sili jike huchimba chumba ndani ya theluji juu ya tundu lake, akazaa humo mtoto mweupe. Dubu hunusa kutoka mbali, akanyata, kisha akainuka kwa miguu ya nyuma na kuliangukia paa kwa mikono yote miwili. Mtoto wa sili anapofikia kuachishwa ziwa, karibu nusu ya mwili wake ni mafuta. Miezi hiyo michache, kuanzia kuchipua hadi mwanzo wa kiangazi, ndiyo inayompa dubu sehemu kubwa ya akiba yake ya mwaka mzima. Baada ya hapo barafu huyeyuka, na kwa sehemu kama Ghuba ya Hudson hakuna tena pa kusimama kuwindia. Dubu hupanda nchi kavu na kufunga. Si lugha ya picha hii, hufunga kweli, kwa miezi kadhaa, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea. Jike mwenye mimba hufunga karibu miezi minane, na katikati ya mfungo huo anazaa na kunyonyesha.

Kwa hiyo njaa kwa dubu si ajali. Imo kwenye kalenda yake tangu zamani. Joto la dunia lilichofanya ni kuibadilisha kalenda yenyewe. Upande wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, kuanzia 1979 hadi 2015, majira yasiyo na barafu yamerefuka kwa wiki 3 hivi, na dubu wa huko sasa wanakaa nchi kavu karibu siku 130 kwa mwaka. Barafu inawahi kuondoka, tena mwezi uleule wa mavuno, na inachelewa kurudi. Mkulima anayefahamu maana ya mvua kukatika wiki 3 mapema wakati mahindi yanabeba, huyo hahitaji mhadhara. Na balaa halimwachi hata anayeliwa: mvua ikinyesha mapema juu ya theluji, mapaa ya vile vyumba vya sili huporomoka, na watoto wanabaki nje kwenye baridi kabla ya wakati wao.

Sasa rudi kwenye video. Ukiwa huijui kalenda hii, huwezi kumtofautisha dubu anayefunga mfungo wa kawaida na yule aliyezidiwa, wala yule mgonjwa, mzee au aliyeumia. Wawindaji wa Kiinuit na baadhi ya wanasayansi walisema hivyo mara moja, kwamba huenda yule ana maradhi. Hawakuwa wanatetea joto. Walikuwa wanasoma mwili wa mnyama kama sisi tunavyosoma aya.

Tulibishana sana juu ya hili kwenye kikundi chetu cha Jumamosi. Dada mmoja, mshairi, tena mzuri kuliko mimi, alinikatiza: "Kaka, watu hawalii kwa sababu ya kalenda. Wanalia wakiona mbavu." Sina ubishi na hilo. Lakini nikamjibu kwa kumpa mfano wa filamu nyingine, na ninautoa hapa pia.

BBC walitoa mfululizo wa Planet Earth mwaka 2006, msimulizi akiwa David Attenborough. Katika sehemu inayohusu ulimwengu wa barafu yumo dubu dume. Barafu imevunjika chini yake, ameogelea mbali, na anafika kwenye kisiwa chenye kundi la walarasi, wale ndugu wakubwa wa sili wenye pembe mbili mdomoni mithili ya ndovu. Walarasi si chakula chake cha kila siku. Ngozi ni nene, pembe zinachoma, na wanakaa wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Dubu anavamia. Anang'ang'ania mgongo wa mmoja, meno hayapenyi. Anajaribu mwingine. Anachomwa. Mwisho anajilaza kando ya kundi lilelile, chakula kikiwa hatua chache kutoka puani mwake, akiwa hana nguvu ya kuinuka.

Na pale watu walilia, dada yangu. Nami nilivimba koo. Tofauti ni kwamba pale kila kilio kina chanzo chake: barafu ilitoweka, akaogelea, uchovu ukamlazimisha kuchagua windo lisilo lake, windo likamshinda. Huyo ni mhusika. Ana nia, ana kizuizi, anachagua, anashindwa. Yule wa 2017 hana nia wala uchaguzi. Ni mbavu tu. Sisi wahakiki wa vijiweni tunamwita mhusika bapa. Na kwa kuwa hana chanzo ndani ya hadithi, ikabidi chanzo kibandikwe kwa maandishi juu ya picha. Maandishi yalipotetereka, kila kitu kikatetereka. Wenye kukanusha walipata bure silaha ambayo hawakuitolea jasho, na wanaitumia mpaka kesho.

Kinachoniudhi zaidi, ukweli uliokuwepo ulikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Anthony Pagano walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kati ya 2019 na 2022 kwa dubu 20 wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson. Waliwavisha kola zenye kamera, wakawapima uzito, wakawafuatilia kwa wiki 3 hivi wakiwa nchi kavu. Soma mambo yaliyoonekana uone kama si riwaya. Wengine walilala tu, wakibana matumizi ya mwili mpaka wakakaribia hali ya mnyama anayelala usingizi wa majira ya baridi. Wengine walihangaika: matunda pori, nyasi, ndege, mifupa, pembe zilizodondoka za kulungu wa kaskazini. Watatu waliingia baharini na kuogelea masafa marefu, mmoja kiasi cha kilomita 175. Wawili kati ya waliokwenda majini walikuta mizoga huko, lakini hawakuweza kuila wakiwa wanaogelea wala kuivuta hadi pwani. (Chakula mdomoni, na huwezi kukila kwa kuwa huna pa kusimama! Nani kati yetu angethubutu kubuni tukio hilo?) Na mizani? Dubu 19 kati ya 20 walikonda, kwa wastani wa kilo 1 kwa siku. Waliolala na waliohangaika, jibu lilikaribiana. Mmoja tu ndiye aliyeongezeka, na sababu ni kwamba alibahatika kukuta mzoga wa mnyama wa baharini nchi kavu.

Hapo ndipo swali la mtoto linapojibiwa. Kwa nini asile matunda? Anakula. Mwili wake hauendeshwi kwa matunda. Utafiti mwingine wa Pagano, uliotoka mwaka 2018 na uliofanyika Bahari ya Beaufort, ulikuta kwamba dubu jike huunguza nguvu mara 1.6 ya ilivyodhaniwa kabla. Na kuna ushahidi wa wazi zaidi ambao hauhitaji hata kola: dubu wa kahawia wanaoishi pwani za Aktiki kwa vyakula vya nchi kavu ni wadogo kwa umbo na wachache kwa idadi kuliko wenzao wa kwingine. Ardhi ile haiwezi kumlisha jitu la kilo 400 au 500. Ukiweka hilo katika sentensi mbili ndani ya hadithi, mbavu zinaanza kusema.

Namba za jumla nazo zipo. Magharibi mwa ghuba hiyo katikati ya miaka ya 1980 walikadiriwa dubu 1,200 hivi. Hesabu ya 2016 ilitoa 842, ya 2021 ikatoa 618.

Lakini nisije nami nikabandika maandishi juu ya picha. Si kila mahali mambo yako hivyo. Kwenye Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, barafu imepungua sana na bado dubu waliopimwa huko walikutwa wanene, wanazaa vizuri, kwa kuwa bahari ile ina rutuba na sili ni wengi. Kusini-mashariki mwa Greenland, utafiti uliotangazwa 2022 ulieleza juu ya dubu mia kadhaa wanaowinda juu ya vipande vya barafu vinavyomeguka kutoka mito ya barafu ya milimani, barafu ya bahari inapokuwa haipo. Svalbard, visiwa vya Norwe, dubu wameonekana wakila mayai ya mabata bukini, na mwaka 2020 mmoja alipigwa picha akimkimbiza kulungu wa kaskazini mpaka majini na kumuua. Mwaka 2014 hukohuko walikutwa wakila pomboo. Mwandishi mvivu huyaficha haya akiogopa yatamharibia dhamira. Mimi naona ndiyo yanayomfanya dubu awe mhusika duara: mjanja hapa, ameshindwa pale, ananenepa kwa muda mahali ambapo jirani yake anakwisha. Msomaji haibiwi kitu kwa kuambiwa hivyo.

Nisisahau soda. Vijana wengi wa rika langu dubu mweupe tulimjua kwanza kwenye tangazo. Mwaka 1993 Coca-Cola walituonyesha dubu waliokaa kitako wakitazama mianga ya kaskazini kama watu walioenda sinema, kila mmoja na chupa yake. Mwaka 2011 wakatoa makopo meupe kwa kushirikiana na WWF ili kuchangia makazi ya dubu. Sina ugomvi na mchango. Ila tazama: kwenye tangazo dubu hali, anakunywa. Hana damu mdomoni, hana sili. Kafanywa mwanasesere. Na nadai kwamba dubu mnene wa soda na dubu mwembamba wa 2017 ni mtu mmoja. Wote wawili wamenyang'anywa chakula chao ili watupendeze. Maana mtazamaji wa mjini, akionyeshwa jinsi paa la theluji linavyopasuliwa na kitoto cheupe cha sili kinavyotolewa, huenda akahamisha huruma yake kwenda upande wa pili, na hapo hadithi inakuwa ngumu kuuza.

Pengo la mwisho ni watu. Hakuna binadamu katika video ile, nikasema kwa fani imefanikiwa. Kwa maudhui ni uonevu. Kaskazini ile ina wenyewe. Wainuit wamekuwa wakimwinda dubu, ambaye wao humwita nanuq, vizazi na vizazi. Wamekuwa wakikaa kwenye yaleyale matundu ya sili, kwa subira ileile, wakishindana naye windo moja. Huko Kaktovik, Alaska, dubu hukusanyika kila mwaka kula masalio ya nyangumi waliovuliwa na Wainupiat, na namna ya kuishi nao ni habari ya kila siku ya kijiji. Februari 2019 huko Belushya Guba, visiwa vya Novaya Zemlya, Urusi, ilitangazwa hali ya hatari baada ya dubu zaidi ya 50 kuonekana karibu na makazi, wengine wakila jalalani na kuingia hadi ndani ya majengo. Julai 2018, karibu na Arviat, Kanada, baba mmoja aliyekuwa na watoto wake aliuawa na dubu akiwakinga. Msiba huo haukupigiwa muziki wa taratibu. Msomaji aliyekulia jirani na tembo au simba wala hahitaji nimfafanulie.

Dada mshairi bado hakubaliani nami. Anasema hadithi yenye kalenda, mafuta, wawindaji na mizani ni kitabu, si video, na kwamba anayelia leo ndiye atakayesoma kesho. Inawezekana. Nilimwomba anitajie mtu mmoja kati ya waliolia ambaye baadaye alitafuta kujua sili anazaliwa mwezi gani. Akasema, "Wewe hapo." Kikundi kizima kikacheka.

Nimeanza kuandika hadithi fupi juu ya dubu yule aliyeukuta mzoga majini akashindwa kuula. Nimekwama kwenye neno. Kiswahili kinanipa barafu, ileile ya muuza samaki na ileile ya mfuko wa plastiki wa shilingi mia, na ninahitaji nyingine ya kusimama juu yake, inayotembea na bahari. Mwenye neno zuri amwandikie mhariri. Na mwenye hoja ya kumtetea dubu mwembamba pia, ukurasa upo.